Kikulacho ki Mtoni

Mwaka wa tatu sasa pua yangu inatoa hesabu
kila alfajiri kabla ya adhana:
chafya saba, nane, kumi na moja,
na Masalu, macho yamefumbwa, anajumlisha.
"Leo umevunja rekodi," anasema, anageukia ukutani.

Walisema ni wale wadudu wa ziwani
wanaosimama juu ya maji kama moshi wa meli isiyokuwepo,
kisha upepo unawaleta Igogo,
wanajaa kwenye taa, wanajaa kwenye chai.
Walisema ni vumbi la dagaa,
maana naandika hesabu Mwaloni
na magunia yanabwagwa mchana kutwa chini ya dirisha langu.
Mama mkwe alisema ni maji ya friji.
Shoga yangu Ng'washi alicheka: "Kuna mtu anakutaja."
Nikamwonea huruma huyo mtu,
kunitaja mara kumi na moja hata chai hajanywa.

Ofisini hawakucheka.
Asubuhi moja nilikuta meza yangu imesogezwa mlangoni,
na kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu mkononi
kisichanganyike na vya wenzangu.
Nilipima makohozi mara mbili.
Mara mbili karatasi ikasema hapana.
Uzi haukufunguliwa.

Tabibu Nyanzobe, zahanati ile iliyobanwa na mawe,
alinimulika puani kwa kurunzi,
asiniulize naumwa wapi.
Aliniuliza nalala wapi.

Juu ya mto wa sufi, nikasema,
alioujaza bibi Kabula kwa mikono yake,
sufi ya mti uliokuwa nyuma ya nyumba kule Magu.
Mti umekatwa, bibi tumemzika, mto umebaki.
"Umefuliwa lini?"
Nikanyamaza. Sufi haifuliwi. Naye alijua.

"Huu ni mzio, si mafua. Humwambukizi mtu.
Humo ndani mna utitiri mdogo kuliko jicho,
unakula ngozi unayoipukutisha usiku.
Na pua yako ni askari mgeni wa lindo:
anampigia filimbi kila mpita njia.
Hatumfukuzi. Tunamtuliza."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Changu ki mtoni,
na simaanishi Mirongo.

Basi nina kazi zangu.
Jumamosi mashuka yanaingia maji ya moto,
kisha nayatandaza juu ya jabali linalochoma kama kikaango,
nayakandamiza kwa vijiwe yasiende kwa jirani.
Sifagii pakavu; napitisha kitambaa chenye unyevu.
Maji yaliyochemka yakapoa, chumvi kidogo:
yaingie tundu hili, yatokee lile.
Ngasa anachungulia mlangoni, anasema mama amekuwa bomba.
Na dawa ya kupuliza, kila siku, hata siku njema,
ncha ielekee upande wa sikio, si katikati,
wala usivute kwa pupa ikaishia kooni.

Wiki ya kwanza sikuona kitu.
Nilitaka kukitupa kichupa ziwani.
Wiki ya tatu, nikipanda ngazi za mawe kurudi nyumbani,
nikasimama ghafla:
mtu anakaanga sangara.
Mtu amekatakata ndimu.
Jiwe lililonyeshewa lina harufu, nani aliwahi kuniambia?

Kesho yake, mbele ya wote, niliukata uzi kwa mkasi wa ofisi
nikajimiminia chai.

Sijapona. Wadudu wakija nafunga madirisha,
na ziko asubuhi za chafya nne.
Masalu anasema biashara imeshuka.

Mto sikuutupa.
Nimeufunga mifuko miwili ya nailoni, kamba juu yake,
upo stoo, mbali na kitanda.
Mara moja tu, tabibu asijue, niliufungua.
Miaka yote ile niliulalia bila kuunusa.
Sasa pua imefunguka: moshi wa kuni,
samli, na ile tumbaku aliyodhani hatuijui.
Nikapiga chafya saba mfululizo, machozi yananitoka,
nikaufunga tena.

Ng'washi, huenda ulisema kweli.
Kuna mtu ananitaja.